Jibu: Bega limeteguka, eksirei kabla au baada ya kulirudisha?

Ndugu tabibu, umeuliza kama kila bega lililoteguka lipelekwe Kigoma mjini kupigwa picha kabla ya kurudishwa, kwa kuwa kituo chenu hakina eksirei. Hapana, si kila moja.

Kijana wa chini ya miaka 40 ambaye bega limeshatoka mara kadhaa, na safari hii limetoka akirusha wavu tu, umbo likionyesha wazi limetoka kwa mbele: mrudishie hapo hapo. Ukimsafirisha misuli inazidi kukaza, na kazi inakuwa ngumu.

Picha itangulie kama amefikisha 40, kama ni mara yake ya kwanza, au kama ameumia kwa nguvu: ajali ya bodaboda, kipigo, kuanguka kutoka juu ya mchikichi. Hapo shingo ya mfupa wa mkono, yaani sehemu iliyo chini tu ya kichwa chake begani, yaweza kuwa imevunjika bila wewe kuona, na ukivuta unatenganisha vipande. Tafadhali usibahatishe.

Aliyetoka kwenye kifafa au shoti ya umeme, fikiria bega limetoka kwa nyuma: mkono umeng'ang'ania tumboni, haugeuki nje. Picha ya mbele peke yake hudanganya. Omba na ya kwapani.

Kabla na baada ya kurudisha, gusa ngozi ya ubavuni mwa bega kutafuta ganzi, pima mapigo ya kiwiko na kifundo cha mkono, uandike. Mkono ukiwa baridi bila mapigo, mpigie simu daktari wa upasuaji papo hapo.