Nani ashike brashi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, Assalaam alaykum. Sisi ni wanafunzi watatu wa kike hapa Chake Chake. Tunaichora upya picha ya wachoraji wa Meksiko, Frida Kahlo na mumewe Diego Rivera, ambamo mume ameshika brashi na mke amesimama kando, mdogo mno. Katika picha yetu Frida amevaa kanga, brashi tumempa yeye, na Diego tumempunguza kimo. Kaka yangu, naye mchoraji, anasema tunalipiza kisasi. Je, ni kweli?
— Msomaji, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Kaka yako amezidisha, ila amefanya vyema kuwasimamisha. Itazameni tena picha yenyewe. Ni kweli kwamba Diego ameijaza kwa unene wake, na kwamba Frida ameuweka mkono mmoja juu ya wa mumewe bila ya kuukamata, huku wa pili ukishikilia shali. Lakini juu yao yupo ndege aliyebeba utepe, na kwenye utepe huo Frida ameandika kwamba ni yeye aliyezichora sura hizo mjini San Francisco, Aprili 1931, kwa ajili ya rafiki yao Albert Bender. Kwa hiyo mwenye brashi ndiye asiyechora, na mchoraji hana hata brashi moja. Mkimpa, kinaya chake mmekiua.

Wala kumpunguza Diego leo hakuhitaji ujasiri. Mwaka 1933, Diego alipokuwa akichora kuta za jumba la sanaa la Detroit, gazeti moja la huko lilimtaja Frida kuwa mke wa bingwa anayejifurahisha kwa kuchora. Wakati huo picha yenu ingekuwa jibu zito. Siku hizi wanaoitambua sura ya Frida ni wengi kuliko wanaoweza kutaja mchoro mmoja wa Diego (nao huo ni upungufu, kwani alikuwa fundi hasa).

Kanga msiiondoe. Kila kanga ina jina lake, na hilo ndilo utepe wenu: mwacheni mume na brashi zake, kisha katika jina la kanga ya mke andikeni ni nani aliyeichora picha hii. Na kaka yako, akiwa radhi, mwombeni asimame mumchore kama Diego, ameshika brashi zake mwenyewe.