Sanduku la bibi na sanduku la sigara

SWALI: Shikamoo mama. Ninaishi Bordeaux, Ufaransa, nimeoa huku. Juzi baba mkwe alitoa stoo ya chini chupa ya mvinyo mwekundu wa Saint-Julien, wa mwaka 2005. Nilionja palepale, tukiwa bado tumesimama. Yeye alikunywa baadaye, akila nyama. Akasema ananusa sanduku la sigara, zile nene za kusokota, na mvinyo umelainika kabisa. Mimi nilinusa sanduku la nguo la bibi yangu kule Masasi, la mbao, alimoficha ugoro. Ulimi nao ukashikwa na ukakasi kama nimekula bibo. Nikaona aibu, nikanyamaza. Je, mimi sijui kuonja? Imebaki chupa moja.

JIBU: Marahaba mwanangu. Ungesema! Sanduku la sigara lina nini? Mbao na tumbaku kavu, vimekaa pamoja siku nyingi. Na la bibi yako? Mmenusa kitu kimoja, kila mmoja akakiita kwa jina la kwao. Nilipoanza kuhudumia mvinyo huko huko Bordeaux, nilikariri majina ya matunda ambayo sijawahi hata kuyatia mdomoni. Siku moja nikathubutu kusema “zambarau”. Mkuu wangu akataka nimweleze zambarau ni nini, kisha akarudi kunusa glasi yake, kimya, kwa muda mrefu.

Kwenye ukakasi ndipo mlipoachana kweli, na wote mna haki. Saint-Julien iko Médoc, eneo la mizabibu kaskazini mwa Bordeaux, ambako zabibu ya Cabernet Sauvignon ndiyo hutawala, na ganda lake ni nene. Ganda hilo, kokwa na pipa la mwaloni hutoa tanini, nazo zikikutana na protini za mate huzinasa, ulimi unakauka. Ni jambo lilelile la bibo. Mwaka 2005 ulikuwa mkavu, mvinyo wake ukatoka na tanini nyingi. Kadiri miaka inavyopita zinashikamana, nyingine zinatuama chini ya chupa kuwa mashapo, lakini hazimaliziki zote.

Sasa jiangalie: ulikunywa tumbo tupu, mvinyo ukiwa na baridi ya stoo, na baridi hukaza ukakasi. Mwenzako alikuwa na nyama kinywani, tanini zikashika protini za nyama zikauacha ulimi wake. Na mvinyo wake ulikuwa umeshapata joto la chumba na hewa kidogo.

Hiyo chupa iliyobaki isimamishe wima siku nzima kabla, mashapo yatuame. Ifikie nyuzi joto 17 hivi. Mimina taratibu, na mashapo yakikaribia shingo, acha. Kunyweni kwa wakati mmoja, kwanza bila chakula, kisha na nyama. Kila mtu aandike anachonusa kwenye karatasi yake kabla ya kufungua mdomo, wewe uandike kwa Kiswahili. Ugoro uandike ugoro, halafu mweleze mzee habari za bibi yako.