Kuogopa si kukosa imani: majibu kwa barua zenu

Barua nyingi nilizozipokea safari hii zinahusu hofu, na karibu kila aliyeandika anaomba radhi kwa kuogopa, kana kwamba ametenda dhambi. Nianze hapo. Marko anaandika kwamba Bwana Yesu kule Gethsemane alifadhaika sana na kuhangaika. Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba alifika kwao katika udhaifu na hofu na matetemeko mengi. Mwenye Zaburi ya 56 naye hasemi haogopi. Anasema, “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe.” Siku hiyo anaikiri kuwa ni yake. Kwa hiyo msiombe radhi. Tuseme tunaogopa nini, tuitaje hofu hiyo kwa jina lake mbele za Mungu, kisha tuone la kufanya.

Bwana Yesu asifiwe. Nalima ekari nne huku Chamwino. Msimu uliopita mvua ilikata Februari, nikaambulia mabua. Wenzangu wanasafisha mashamba, mimi hata jembe sitaki kuliona. Nikiomba nahisi najidanganya. (Mzee, Chamwino)

Amina, mzee wangu, na shikamoo. Hofu yako ina sababu na sitaipuuza. Mvua yetu hapa Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na katikati jua linaweza kupiga wiki mbili tatu mfululizo, tena wakati mahindi yanatoa mbelewele. Aliyeona shamba likikauka hivyo hawezi kuambiwa “usiogope” halafu iishie hapo.

Soma Habakuki sura ya 3, mwishoni: “Maana mtini hautachanua maua, wala mizabibuni hamtakuwa na matunda.” Anaendelea mpaka zizini hakuna kundi. Wengine huupita mstari huo haraka, lakini mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anajua hasara inayotajwa pale. Nabii haahidi kwamba mizabibu itazaa. Anaihesabu hasara yote, hafichi hata moja, ndipo anasema, “Walakini nitamfurahia BWANA.” Ukiomba, anza kama yeye. Mtajie Mungu mabua yale, mtajie na deni la mbegu. Huko si kujidanganya.

Sasa mbegu yenyewe. Kumtumaini Mungu hakutulazimishi kupanda mahindi. Wazee wetu walikula ugali wa uwele na mtama kwa mlenda kwa sababu waliijua ardhi hii. Ningekuwa wewe, sehemu kubwa ya ekari zile ningeiweka mtama wa muda mfupi kama Macia, nyingine uwele, na mahindi yabaki machache karibu na nyumba, ya kuchoma. Najua ndege ni kazi, mtu anashinda juu ya dungu akipiga kelele mpaka sauti inakauka. Hata hivyo ni afadhali kugombana na ndege kuliko kutazama mabua. Mwone afisa ugani wa kata kabla ya mvua ya kwanza, akuonyeshe na namna ya kukinga maji shambani yasikimbie.

Na kama siku ya kupanda hofu itakuwa bado ipo, panda nayo. Zaburi ya 126 inawataja wapandao kwa machozi.

Nilikopa laki tano, mikopo hii tunayoiita kausha damu, marejesho kila siku. Mtaji wangu wa mboga umekatika. Mlango ukigongwa najificha chumbani. Mume wangu hajui. Nifunge siku ngapi? (Mama, Majengo)

Mama, kabla ya kufunga, zungumza na mumeo. Leo, kabla ya kulala. Najua ndilo unaloliogopa kuliko hata wakopeshaji, ndiyo maana nalitaja kwanza.

Katika 2 Wafalme sura ya 4 yupo mjane ambaye mdai alikuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Hakujificha. Alimlilia nabii Elisha waziwazi, na Elisha akamwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Kisha akamtuma akaazime vyombo kwa majirani wote, kwa hiyo mtaa mzima ukajua kuna jambo. Mafuta yale yalipojaza vyombo vyote hakuambiwa kwamba deni limefutika. Aliambiwa akauze, alipe, yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Huo ni muujiza, na ndani yake mna kusema ukweli, mna majirani, mna na biashara.

Nanyi kaeni wawili, mwandike mlichochukua na mlichokwisha kulipa. Ombeni nakala ya mkataba. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu inapokea malalamiko ya wakopaji. Akikutishia au akibeba vyombo vyako kwa nguvu, nenda polisi. Usikope kwingine ili ulipe huku. Na nakusihi, fedha ya marejesho usiitoe kama sadaka ya kupanda mbegu, hata ukiahidiwa kuvuna mara mia. Mkishatulia, waone wanawake wenzako mtaani mjiunge kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake.

Nikisimama mbele ya darasa kuwasilisha kazi moyo unaenda mbio, mikono inakufa ganzi, nakosa pumzi, naona kama nakufa. Wenzangu wa fellowship wanasema ni pepo. Nimeombewa mara nyingi, hali inarudi. (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Mwanangu, unachokieleza kinajulikana hospitalini, na kinatibika. Mwili unajiandaa kukimbia hatari ambayo haipo, moyo unapiga kasi, unapumua harakaharaka, na kupumua huko ndiko kunakoleta ganzi. Hali ikianza, vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, rudia mpaka mabega yashuke. Unaweza kutoa pumzi ukisema kimyakimya, “Wewe upo pamoja nami.” Hayo ni ya Zaburi ya 23, na yanatosha pumzi moja.

Halafu nenda ukapimwe. Hapa Dodoma tuna Mirembe, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, na inanisikitisha kwamba jina hilo tumelifanya tusi. Mtu akikosea kidogo, “mpelekeni Mirembe.” Tunacheka, na kijana anayeumia anasikia, anaamua kukaa kimya. Wakristo tungekuwa wa kwanza kuliacha neno hilo. Elia alipokata tamaa akaomba afe, malaika hakumkemea wala hakumtoa pepo. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi tena: “Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako.” Luka aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Wanaokuombea waendelee kukuombea, na mmoja wao akusindikize kliniki.

Nilikuta kitambaa chekundu chenye mkaa na hirizi getini kwangu. Mtumishi mmoja anasema nilete laki tatu anifungue na kunitajia jirani aliyeweka. Silali. (Dada, Kizota)

Dada, usipeleke hata shilingi. Bwana aliwaambia wanafunzi wake, “mmepata bure, toeni bure,” na hapo alikuwa anazungumzia kuponya wagonjwa na kutoa pepo. Paulo anawaandikia Wakolosai kwamba enzi na mamlaka zilivuliwa nguvu msalabani. Imekwisha lipiwa. Kitupe kitambaa hicho jalalani, omba na watu wa nyumbani mwako, mlale.

Lililo zito zaidi ni hilo jina analotaka kukuuzia. Katika nchi yetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya majina yaliyotajwa hivyo, na Sheria ya Uchawi inalihesabu kuwa kosa kumtuhumu mtu uchawi. Akikutajia jirani, utaogopa kumsalimia maisha yako yote, na huenda hana habari. Kesho asubuhi msalimie kila jirani, kama kawaida yako.

Mwanangu wa miaka mitano anaogopa giza. Namwambia mtoto wa Yesu haogopi, analia zaidi. (Baba, Ihumwa)

Basi acha kumwambia hivyo, baba. Mwachie taa ndogo, kaa naye, muombe pamoja kwa maneno yake mwenyewe. Hofu hiyo ni ya umri wake, haina uhusiano na wokovu.

Mume wangu anaendesha lori, Dar kwenda Rwanda. Akipita Sekenke usiku silali, napiga simu kila baada ya muda. Nifanyeje? (Mke, Nkuhungu)

Ule mlima unatisha kweli, dada, na wengi wamepotezea ndugu pale. Mwombee kwa Zaburi ya 121 kila anapotoka: Bwana atamlinda atokapo na aingiapo. Lakini simu hizo ziache. Dereva anayeteremka Sekenke na mzigo anahitaji mikono yote miwili na macho yote mawili, na kwa kupiga unamwongezea hatari ile ile unayoiogopa. Kubalianeni kwamba atakutumia ujumbe akishaegesha tu, Singida, kisha Nzega. Mwulize pia kama tajiri wake anampa muda wa kulala njiani. Kama hampi, hilo ndilo la kulizungumza nyumbani akirudi, kabla hajaingia safari nyingine.