Kabla hujaamini bendi, iulize kingamwili yako imeshika nini

Bendi, ule mstari unaoonyesha protini iko wapi kwenye picha ya bloti, ilitokea palepale nilipoitarajia, juu kidogo ya alama ya kilodaltoni 25 (kipimo cha uzito wa protini), nyeusi tii. Ilikuwa saa mbili usiku, maabara imebaki na mimi na mvumo wa friza. Niliipiga picha nikamtumia msimamizi wangu, akajibu, "Hongera sana mdogo wangu." Miezi mitatu baadaye ndipo nilipogundua kwamba ile haikuwa protini yangu hata kidogo. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii hapa Dar, ili miezi hiyo isiwapotee na nyinyi.

Nilikuwa nafuatilia protini ya SBDS. Ribosomu, mtambo unaotengeneza protini zote za mwili, haizuki yenyewe. Huundwa kwa vipande viwili, kidogo cha 40S na kikubwa cha 60S, na ujenzi huo husaidiwa na protini zaidi ya 200 ambazo si sehemu ya ribosomu. SBDS huingia mwishoni. Kipande kikubwa hutoka kwenye kiini cha seli kikiwa bado kimebanwa na protini iitwayo eIF6, mfano wa komeo mlangoni, na komeo hilo likikaa vipande viwili haviungani. SBDS, ikisaidiana na EFL1, ndiyo huling'oa. Mwaka 2003 ilibainika kwamba hitilafu katika jeni yake husababisha ugonjwa wa Shwachman-Diamond, unaodhoofisha kongosho na uboho wa mtoto. Ndiyo maana naona uchungu kazi hii inapofanywa kwa kubahatisha.

Sasa kosa lenyewe. Nilitaka kuivua SBDS kutoka kwenye seli nione imeshikana na nini. Nikaivua kwa kingamwili ya sungura, yaani protini ya kinga kutoka kwa sungura inayoshika protini uliyoilenga, kisha kwenye bloti, utando ambao protini hupangwa kwa uzito, nikaitafuta kwa kingamwili ileile, na juu yake nikaweka kingamwili ya mbuzi inayotambua ya sungura. SBDS ya binadamu ina amino asidi 250, uzito wake karibu kilodaltoni 29. Lakini sampuli ikichemshwa na dawa ya kuvunja viungo, kingamwili uliyovulia nayo huachana: minyororo mizito hukaa karibu na 50, miepesi karibu na 25. Ile ya mbuzi haina namna ya kujua unatafuta nini. Iliuona mnyororo mwepesi wa sungura ikauwasha, nami nikauita SBDS.

Aliyeniokoa ni fundi sanifu wetu, mama aliyekaa maabara miaka mingi kuliko sisi wote. Aliinamia picha, akaweka kidole kwenye kisima cha mwisho, yaani safu ya sampuli ya mwisho. "Mwanangu, kisima cha kingamwili tupu kiko wapi?" Alimaanisha kingamwili ya kawaida ya sungura, isiyolenga protini yoyote, ivuliwe nayo sambamba. Sikuwa nimeiweka. Nilipoiweka, bendi ikatokea vilevile, nyeusi vilevile.

Kwa hiyo ukivua kwa ya sungura, tafuta kwa ya panya. Kama pesa hairuhusu mbili, na kweli chupa moja ni dola mia kadhaa, tafuta kingamwili ya pili inayotambua tu ile ambayo haijavunjika. Na kabla ya yote hayo, zima jeni kwa siRNA, vipande vifupi vya RNA vinavyozuia jeni isitoe protini yake, uone kama bendi inafifia. Usijaribu kuiondoa jeni kabisa, maana seli nyingi haziwezi kuishi bila SBDS, ipunguze, inatosha. Mimi siku hizi sikubali neno la kwenye karatasi ya muuzaji mpaka nimeona bendi ikififia kwenye seli zetu wenyewe.

Utunzaji wa kingamwili nao una mambo yake kwa joto la hapa. Chupa yenye gliseroli nusu kwa nusu haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo umeme ukikatika saa chache usihangaike kufungua friza kila dakika kukagua. Kuifungua ndiko kunakoharibu. Isiyo na gliseroli igawe siku ileile inapofika, mikrolita 10 au zaidi kila kichupa, kwa sababu kuganda na kuyeyuka mara kwa mara ndiko kunakoiua. Usiiweke mlangoni mwa friza. Kifurushi chetu kimoja kilikaa siku nne kwenye ghala la mizigo, barafu yote maji, na mwenzangu alikuwa tayari kukitupa. Nilimzuia. Kingamwili nyingi huhimili siku chache za joto, hivyo tuliizungusha kidogo kwenye sentrifuji, tukaijaribu pembeni ya ile ya zamani, ikafanya kazi.

Maziwa ya kuzuia utando wa bloti, ili kingamwili zisishike ovyo, yawe ya unga yasiyo na mafuta. Niliwahi kuchukua ya mafuta dukani kwa haraka, utando ukatoka na madoa kila kona.

Andika pia namba ya bachi, yaani toleo la kingamwili, kwenye daftari. Kingamwili za sungura zilizokusanywa kutoka kwenye damu hubadilika bachi kwa bachi, na bachi mpya huijaribu upya kana kwamba sijawahi kuiona.

Nilirudia jaribio zima kwa kingamwili ya panya. SBDS ya kweli ilitokea juu kidogo ya ile bendi ya kwanza, hafifu, ukubwa wa punje ya mchele, na kwenye kisima cha seli zilizozimwa jeni karibu haionekani. Picha hiyo ndiyo niliyomtumia msimamizi mara ya pili.