Anahesabu makuta bila kukosea, kwenye buletini ana 41

Swali: Kijana wangu ana miaka 9, yuko mwaka wa tatu wa primeri (shule ya msingi). Muhula wa kwanza, kwenye buletini (ripoti ya shule), amepata 41 kwa mia. Mwalimu anasema ni mvivu. Lakini nikiuza makala (mkaa), yeye ndiye anapokea makuta (pesa) na kurudishia wateja, na hakosei. Nimtafutie repetitere (mwalimu wa masomo ya ziada), au nimwache tu akue? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

Jibu: Mama, mtoto anayetoa 3500 kwenye 5000 kichwani, mteja akiwa amesimama pale anamwangalia, akili anayo. Kuna mahali anakwama, na repetitere usimlipe kabla hujapajua. Wengi wao hurudia somo lilelile la asubuhi, ila kwa sauti kubwa zaidi.

Anza na kaye (madaftari) zake. Tafuta ukurasa alionakili kutoka kwenye tablo (ubao) na mwingine alionakili kutoka kitabuni. Kama wa tablo una herufi zilizoruka na mistari iliyopotea, na wa kitabu ni safi, mpeleke kwa daktari wa macho, na huku ukingoja, mwombe mwalimu amkalishe mbele. Kama ananakili vizuri lakini kwenye dikte (imla) anaharibu, fikiria masikio pia, hasa ikiwa yamewahi kutoka usaha.

Halafu msomeshe, lakini uwe mjanja. Niliwahi kukaa na mtoto aliyesoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikafunika picha kwa kiganja na kuweka kidole kwenye neno la katikati. Akarudi mstari wa kwanza, akaanza kuimba upya mpaka alipolifikia. Alikuwa amekariri! Kwa hiyo mwandikie wako maneno yasiyo na maana: bamo, teki, luposi. Hayo hakuna aliyemfundisha, lazima ayasome herufi kwa herufi.

Jaribio la mwisho ni la lugha, na hapa Lubumbashi ndilo ningeliangalia kwa makini zaidi. Mpe hesabu kwa Kiswahili: mama alikuwa na mifuko 12 ya makala, ameuza 5, imebaki mingapi? Siku nyingine mpe ya namna hiyo kwa Kifaransa. Akijibu ya kwanza na kukodolea macho ya pili, hesabu anaijua, ni swali ambalo hakulielewa. Sheria ya elimu ya Kongo ya 2014 inakubali lugha zetu zitumike kufundishia, lakini watoto wengi bado wanakutana na Kifaransa kabla hawajakizoea. Tena Kifaransa kina mitego: sauti moja ya «o» huandikwa «o», «au» ama tena «eau». Mtoto wa namna hii anahitaji mtu wa kuzungumza naye Kifaransa kila siku, dakika 20 tu, kuliko saa mbili za mazoezi.

Lakini akikwama hata kwa Kiswahili, ambacho huandikwa kama kinavyosemwa, akisoma polepole mno na kuchoka mapema, hapo inawezekana ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika ambao hautokani na akili ndogo. Si uvivu, na fimbo haiiondoi. Kuchanganya b na d ni kawaida kwa mtoto wa miaka 6. Akiwa na 9 na bado anachanganya kila mara, usilipuuze. Uliza kama baba yake au wajomba walipata shida hiyo, maana hutembea katika ukoo. Kumbuka pia kama aliwahi kupata malaria kali yenye degedege, kwani inaweza kuacha athari katika kujifunza.

Buletini moja mbaya baada ya ugonjwa, msiba au kuhama nyumba haina haja ya kukukosesha usingizi. Miezi miwili ya msaada bila kusogea, ndiyo. Usingoje Juni waseme arudie mwaka: kurudia bila kubadilisha njia ya kumfundisha, mimi sioni faida yake.

Kwa mwalimu nenda kwa upole. Tangu primeri ya serikali ilipotangazwa bure mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika, huenda hajapata nafasi ya kumsikia mtoto wako akisoma peke yake. Muulize: «Anakwama wapi?» Akikosa jibu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha saikolojia na sayansi ya elimu, ulizia hapo mtu wa kumpima. Ukienda, beba zile kaye pamoja na buletini, na umwache kijana aeleze mwenyewe.