Mjomba, mbona wenzio wanalipwa milioni 265?

Shikamoo mama, shikamooni wakubwa wote. Wadogo, habari za Tanga.

Nimeona niandike. Kwa simu nikisikia sauti zenu nitaanza kupaka rangi, na rangi nimeshapaka ya kutosha.

Kwa aliyepitwa, kisa ni hiki. Mpwa wangu alinitumia habari ya kijana wa timu ya San Francisco, Brock Purdy, aliyesaini Mei 2025 mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 265 kwa kucheza ule mpira wa Wamarekani, wa kubeba mkononi na kugongana. Chini yake akaandika: "Mjomba, uko Indianapolis mwaka wa 11 huu. Kama mpira tu unalipa hivi, kazi nyingine zinalipaje? Na mimi nina futi 6 na inchi 3, nifanyie mpango." Dada akadakia kwamba nyumba ya Pongwe imesimama kwenye lenta tangu 2021, na popo wameshahamia. Haya.

Tuanze na hiyo milioni 265. Mkataba wa NFL, ndiyo ligi ya mpira huo, una namba mbili. Moja ni ya gazetini, ndiyo hiyo mliyoiona. Ya pili ni pesa iliyohakikishwa, na kwa Purdy iliripotiwa kuwa milioni 181. Hiyo ataipata hata akivunjika goti kesho. Inayobaki ni maneno mazuri kwenye karatasi: timu ikimtaka bado, italipa, isipomtaka, inamwacha na deni linakufa hapohapo. Kwetu klabu ikivunja mkataba wa mchezaji wa kigeni, anaweza kudai haki yake mpaka FIFA. Huku anayeachwa akiwa na miaka mitatu mbele kwenye karatasi, kama haikuhakikishwa, anaondoka na begi lake.

Na Purdy ni mtu mmoja. Mwaka 2022 alichukuliwa namba 262 kati ya 262 kwenye drafti. Si ile drafti yetu ya vizibo vya soda pale kijiweni. Hii ni ya timu 32 kugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu, raundi 7, kila Aprili. Wa mwisho kabisa wana jina la kumtania, kama kusema Bwana Asiye na Maana. Mkataba wake wa kwanza wa miaka 4 haukufika dola milioni 4, na alikuwa akipanga nyumba na mchezaji mwenzake ilhali tayari anaongoza timu. Februari 2024 akaifikisha timu hiyo kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, wakafungwa 25 kwa 22 na Kansas City. Mnaona milioni 265, lakini huyo ndiye bwana mmoja aliyetoboa. Yule wa namba 255 mwaka uleule yuko wapi? Hakuna anayemtumia mjomba wake habari zake.

Mama najua utasema, "Mbona Hasheem alichukuliwa namba 2?" Kweli mama, Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu, alichukuliwa namba 2 mwaka 2009, mbele ya Stephen Curry aliyekuwa namba 7. Lakini ule ni mpira wa kikapu, NBA, na kule mikataba mingi inahakikishwa yote. Hawa wa NFL ndio wanaogongana vichwa, na ndio wenye uhakika mdogo. Sijawahi kupata mtu wa kunieleza hilo likaniingia akilini.

Sasa nije kwenye mji wangu. Kila mwishoni mwa Februari vijana zaidi ya 300 wanaletwa hapa Indianapolis kupimwa, wanaita Combine. Nilikuwa nafanya kazi ya usafi kwenye hoteli moja ya katikati ya mji, kwa hiyo nimewaona kwa karibu, asubuhi, kwenye korido, wakiwa na kaptula na namba kifuani. Wanapimwa kimo na uzito. Wanakimbia yadi 40, na mwaka 2024 Xavier Worthy alizikimbia kwa sekunde 4.21, hakuna aliyewahi kumpita pale. Wanalala kwenye benchi kunyanyua chuma cha kilo 102 mpaka mikono igome. Madaktari wa timu mbalimbali wanalivuta goti lilelile, mmoja baada ya mwingine. Halafu, na hapa ndipo nilipocheka, wanapimwa shubiri. Shubiri hiihii ya bibi ya kupimia kitambaa, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Mwaka 2022 kuna kwotabeki, yule mrusha mpira wa timu, Kenny Pickett, shubiri yake ilikuwa inchi 8 na nusu, na nchi nzima ikajadili kiganja cha mtoto wa watu. Pittsburgh wakamchukua namba 20 hivyohivyo. Miaka miwili haijaisha wakampeleka timu nyingine.

Nilipowaona nilikumbuka siku yangu ya ubalozini. Vile unavyojipanga, unavyojibu kwa kunyooka, unavyoficha kikohozi.

Machi ndiyo usajili. Hapo ndipo utasikia donge nono kila nusu saa. Mkongwe aliyemaliza mkataba anakuwa mchezaji huru na timu zinamgombania, ila kila timu ina kikomo cha mishahara: mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2, na huruhusiwi kuvuka. Kwa hiyo mtu anaweza kutemwa akiwa bado mzuri, kisa hesabu. Kuna wanaotemwa wakacheka pia. Russell Wilson alipewa na Denver mkataba wa zaidi ya milioni 240, mambo yakaharibika, wakamwacha Machi 2024. Kwa kuwa msimu ule dola milioni 39 zilikuwa zimehakikishwa, Denver ndio waliolipa sehemu kubwa huku yeye akiichezea Pittsburgh, ambayo ilitoa milioni 1.21 tu. Na kwenye vitabu vya Denver ikabaki pesa mfu ya milioni 85, wakiihesabu kwa misimu miwili kwa mtu asiyekuwepo. Wilson aliuliza mapema ni ngapi iliyohakikishwa. Mimi wakati nakuja sikuuliza.

Nani angeniambia? Yule aliyenitangulia naye alikuwa akituma picha.

Basi niwape namba zangu zote mbili. Ya gazetini ni dola 19 kwa saa, kwenye ghala la mizigo. Mnazidisha mara 2,500, halafu mara saa, halafu mara mwezi, mnapata mshahara wa mbunge. Nami nilizidisha hivyohivyo kabla sijapanda ndege. Ya pili, iliyohakikishwa, ni sifuri. Jimbo hili mwajiri anaweza kukuachisha asubuhi bila notisi wala sababu, na ni halali. Novemba na Desemba napata saa 55 kwa wiki mpaka miguu inavimba. Januari watu wamemaliza kununua, wananipa saa 26. Kodi ya nyumba ni 1,150 Desemba, ni 1,150 Januari. Gari lina bima, na bila gari hufiki kazini maana basi la saa tisa usiku halipo. Ndiyo maana nyumba ya Pongwe huwa inapanda tofali mwezi wa kumi na mbili na kulala mwezi wa kwanza. Dada, angalia risiti za nyuma, utaona.

Hata hao wachezaji, mishahara yao wanakatwa kodi kwenye majimbo mengi wanayokwenda kucheza, na wakala anachukua mpaka asilimia 3. Nasema tu.

Mwezi mkatili ni Agosti. Kila timu inaanza mazoezi na watu 90, na mwisho wa mwezi lazima wabaki 53. Piga hesabu: 37 mara timu 32, ni watu 1,184 wanaopoteza kazi ndani ya siku chache. Wengine wanarudishwa kwenye kikosi cha mazoezi, mwaka 2025 ilikuwa karibu dola 13,000 kwa wiki, pesa nzuri, ila ni wiki kwa wiki; Jumanne upo, Jumatano hupo.

Nilimbeba mmoja wao. Siku nikiwa sina saa ghalani nabeba abiria kwa gari langu. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, nje ya hoteli, kijana kajaa mlango mzima, mkononi mfuko mweusi wa taka uliojaa viatu vya mpira, njumu zinatoboa plastiki. Akakaa nyuma, magoti yakagusa kiti changu. Uwanja wa ndege. Sikumuuliza kitu, mfuko ulikuwa umeshasema. Simu yake ikaita, nikaona kwenye kioo anaiangalia tu. Ikakatika. Ikaita tena. Mara ya tatu akasema, "Ni mama yangu," akiniambia mimi, kama naweza kumpa ruhusa asipokee. Nikamwambia mimi mama yangu yuko Tanga, Tanzania, na huwa nafanya hivyohivyo. Akacheka kidogo, akapokea. Akasema yuko sawa, atakuja nyumbani kupumzika kidogo, kuna timu mbili zinaongea na wakala. Labda zilikuwepo.

Aliposhuka alinipa dola 20 za mkononi. Mtu aliyeachishwa kazi asubuhi ileile.

Mama, ile Januari uliyopiga mara tatu nikasema nilikuwa kwenye kelele za mashine, sikuwa kwenye mashine. Nilikuwa kitandani. Walikuwa wamenipunguzia saa na sikutaka uisikie sauti yangu.

Sasa mpwa wangu, jibu lako. Siyo kwamba haiwezekani, nisije nikakukata miguu. Daniel Adongo, Mkenya wa raga, aliletwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akiwa hajawahi kucheza mpira huu maisha yake. Akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza NFL. Alicheza mechi chache, baadaye wakamwacha. Jordan Mailata, mtu wa raga pia, kutoka Australia, alichukuliwa raundi ya 7 mwaka 2018 na Philadelphia. Mwaka 2024 wakamwongeza miaka 3 kwa milioni 66, na Februari 2025 akabeba Super Bowl. Mathias Kiwanuka alizaliwa hapahapa Indianapolis. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. New York Giants walimchukua namba 32 mwaka 2006. Na kazini nina mzee Mkongo ambaye ukitaja drafti tu anaruka: "Biakabutuka! Ule ni mutoto ya kwetu!" Kweli, Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa, akachukuliwa namba 8 mwaka 1996, ingawa majeraha hayakumwacha. Ila sikiliza: huyu alikulia Kanada, Kiwanuka kazaliwa huku, Adongo na Mailata walikuwa wachezaji wa raga wa klabu kabla ya kupanda ndege. Wewe una kimo na mechi za mtaani za kikapu. Kanuni yenyewe inataka uwe umemaliza sekondari miaka 3 kabla ya drafti, na karibu wote wanapitia chuo kikuu. Mlango wako ni chuo. Nitumie matokeo ya kidato cha sita kama yalivyo, usiyachague. Nitakaa nayo usiku mmoja nikuambie ukweli wa ada na viza, hata kama ni mchungu.

Limebaki moja. Ile picha yangu ya uwanja wa Lucas Oil, nimevaa jezi ya bluu, nyuma yangu nyasi na viti elfu na elfu. Mlidhani nilikwenda kutazama mechi, nami nikaacha mdhani. Mechi ilikuwa imeisha kitambo, saa tatu nzima kabla ya picha. Nilikuwa na kibarua cha kufagia majukwaa, safu kwa safu, vikombe vya bia na maganda ya karanga, na jezi niliiokota kwenye kiti. Ukikuza picha upande wa kushoto utaona mpini wa ufagio.

Najua mama ameiweka kwenye fremu sebuleni, juu ya redio. Msiishushe. Nitapiga Jumapili baada ya alasiri nimwambie mwenyewe.