Wasomaji Wanauliza: Namba za Sapitwa Zimeenda Wapi?

SWALI: Tuko watatu hapa Masasi. Julai tunataka kupitia Daraja la Umoja hadi Malawi, tupande Mlima Mulanje. Tumesoma namba za gridi za kilele cha Sapitwa kwenye ramani ya zamani ya karatasi, tukaziingiza kwenye simu. Alama imeangukia karibu mita 300 kaskazini ya kilele. Tuamini ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna iliyodanganya. Ramani hiyo ilichorwa kwa datumu (msingi ambao namba zote za ramani hupimwa kutoka kwake) ya Arc 1950; simu inatumia datumu nyingine, WGS84. Tofauti ya mita 300 ni milimita 6 kwenye shiti (karatasi ya ramani) ya skeli 1:50,000, upana wa penseli, lakini mlimani inatosha kuwapeleka kwenye genge.

Soma maandishi madogo pembezoni mwa shiti: jina la datumu, mwaka wa uchapaji, na kama kontua (mistari ya mwinuko) ziko kwa futi au mita. Kisha tafuteni sehemu inayoonekana waziwazi kwenye ramani zote mbili, mfano makutano ya mito. Pimeni tofauti ya namba, muiondoe kila mnapohamisha namba kutoka karatasini. Angalieni pia kanda ya UTM, mfumo wa gridi unaogawa dunia katika kanda za longitudo: Masasi iko kanda ya 37, Mulanje ya 36, mpaka ukiwa longitudo 36 mashariki. Mkikosea kanda, alama inaruka mamia ya kilomita. Hilo angalau mtaliona mara moja. La mita 300 ndilo linalojificha.

Shiti za 1:50,000 za Malawi hutolewa na Idara ya Upimaji ya huko. Nunueni hizo, msitegemee fotokopi, maana mashine huvuta karatasi na skeli huharibika.

Kwenye simu, pakueni ramani ya programu ya Organic Maps au OsmAnd mkiwa bado na intaneti. Lakini kontua za simu kwa kawaida zinatokana na vipimo vya rada vya Februari 2000, nukta moja kila mita 30 hivi. Ukuta wa mwamba wa mita 20 unaweza kuonekana kama mteremko wa kawaida. Hapo karatasi ni bora.

Njia za miguu ni suala jingine. Kimbunga Freddy cha Machi 2023 kilileta maporomoko Mulanje, kwa hiyo mstari wa njia kwenye ramani yoyote ya kabla ya hapo uthibitisheni kwa waongoza njia wa Likhubula, chini ya mlima. Na Julai ni msimu wa chiperoni, ukungu wenye manyunyu unaoweza kukaa siku kadhaa. Usipoiona miamba iliyo mbele yako, zile milimita 6 ndizo zitakazoamua.